Mwenye Kujua Ndiye Mwenye Ukuta

Sogeeni karibu, na aliyeacha chungu motoni akakiepue kwanza, maana hiki ninachosimulia hakisikilizwi nusu.

Ipo nchi ambayo watu wake huishi chini ya dhamana, na mji wake mkubwa unaitwa Hifadhini. Ukiutazama ni mji mzuri. Njia zimefagiliwa, kuta ni nyeupe kwa chokaa, na juu ya kila daraja, kila ngazi na kila nguzo limeandikwa neno moja kwa rangi ya kijani: SALAMA. Mgeni akiliona neno hilo mara ya kwanza hufurahi. Akishaliona kila anapogeuza shingo, moyo huanza kumdunda, wala hajui kwa nini.

Bi Ruzuna aliingia Hifadhini asubuhi moja, mwanzoni mwa mwezi ambao mawingu ya masika huanza kujikusanya. Alikuwa mtu mzima, mjane, mwenye magoti yanayouma akikaa na yasiyouma akitembea. Hakwenda kutembea. Binti yake wa pekee, Arafa, aliolewa huko, na sasa alikuwa amejifungua mtoto wa kike na yumo ndani ya arobaini. Basi mama mtu alifunga chupa ya mafuta ya mbarika, pilipili manga ya kutia kwenye uji, na shuka la kumfunga mzazi tumbo, akaenda. Nia nyingine aliiweka moyoni: mwanawe akishapata nguvu, amchukue yeye na mtoto, awapeleke kwao wakapumzike.

Hata hajafika mbali na lango la mji, akamwona mwanamume amejitwika vyungu kichwani, anakwenda kwa maringo, na mbele yake shimo limeachama katikati ya njia.

"Baba, shimo hilo," Bi Ruzuna akasema, kama ambavyo ningesema mimi na wewe.

Yule mwanamume akasimama. Njia nzima ikasimama. Mwuza mbaazi akajiziba masikio kwa viganja vyake vyenye mafuta. Madirisha yakafungwa, moja baada ya jingine, pole pole, kama watu wasiotaka ijulikane kuwa wamefunga. Mwenye vyungu akatua mzigo wake chini.

"Mama," akasema, "nimekukosea nini?"

Kabla hajajibiwa, kijana mmoja mrefu mwenye chokaa mpaka kwenye nyusi akaja mbio, akasimama kati yao. Alikuwa Faki, mkwe wake, aliyetoka kumpokea.

"Ni mgeni," Faki akawaambia watu. "Hajalala hata usiku mmoja. Hajui kitu huyu, jamani, hajui kitu kabisa."

Watu wakashusha pumzi. Mwuza mbaazi akamtazama Bi Ruzuna kwa upole, akasema, "Hongera, mama," maana katika mji ule mtu akiambiwa hajui kitu amesifiwa.

Faki akambebea mama mkwe mzigo, wakaenda, yeye mbele na macho chini kwa heshima. Walipofika pembeni ndipo akasema.

"Mama, unisamehe. Hapa mtu haonywi."

"Haonywi vipi?"

"Haambiwi angalia. Haambiwi jihadhari. Mji wetu umekatiwa bima kwa Wadhamini wanaokaa ng'ambo ya mlima. Jengo la mji likianguka, wao wanalijenga. Mtu akiumizwa na kitu cha mji, wao wanamfidia. Na kila mwaka kabla ya masika bima inakufa, inabidi ihuishwe. Wiki hii ndiyo yenyewe."

"Hilo ni jambo jema."

"Jema sana, mama. Ila lina sharti. Wadhamini wanafidia ajali, na ajali ni jambo asilolijua mtu. Hatari ikishajulikana, hiyo si ajali tena. Hiyo inatolewa kwenye bima, inakuwa ya mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Aliyeijua."

Bi Ruzuna akacheka kidogo. Faki hakucheka. Akamwonyesha kwa kidevu mzee mmoja aliyeketi kando ya kisima kisicho na ukingo. Mzee huyo alipakata kifuniko kikubwa cha mbao, kama mtu aliyepakata mjukuu.

"Yule ni Mzee Ngwali. Alimwambia jirani yake kwamba kisima hiki kitamla mtu. Mwenye kujua ndiye mwenye kisima. Sheria ndiyo hiyo. Wakampa kifuniko. Kila anayetumbukia ni wake yeye, na fidia ni juu yake, na kulaaniwa ni juu yake. Walishatumbukia wawili tangu hapo."

"Na hicho kifuniko kwa nini asifunikie kisima?"

Faki akasimama, akafikiri. Ilionekana hajawahi kuulizwa.

"Kile ni alama ya kosa lake, mama. Si chombo cha kutumia."

Bi Ruzuna akageuka kumtazama yule mzee tena. Mzee Ngwali alikuwa amekaza macho kwenye mdomo wa kisima, jasho linamtoka, na kila mpita njia akikaribia alikuwa akifumba macho. Hapo kicheko kikamwisha Bi Ruzuna, na tangu saa hiyo katika mji ule hakucheka tena sawasawa.

Nyumba ya Arafa ilikuwa mtaa wa Bondeni. Juu ya mtaa huo lipo tangi la mji, kubwa, la mawe, ambalo maji yote ya Hifadhini hutoka humo. Ukuta wake ni mrefu kupita minazi, na watu wa Bondeni, kwa kubana matumizi, walijenga nyumba zao kuuegemea, kila nyumba ikapata ukuta mmoja wa bure. Chumba cha mzazi kilikuwa cha nyuma. Kwa hiyo kitanda cha Arafa na kile kitanda kidogo cha mtoto vilikuwa vimesukumwa kwenye ukuta wa tangi lenyewe.

Walilia wakakumbatiana, kama mama na mwana walioachana muda. Bi Ruzuna akamkanda mwanawe kwa maji ya moto, akamfunga tumbo, akamkorogea uji mpaka pilipili ikamtoa machozi. Mtoto alikuwa mzuri, ana nywele nyingi. Yote yalikuwa sawa, isipokuwa jambo moja: nepi. Alizianika nepi kwenye kamba iliyofungwa kando ya ukuta ule, na alipokwenda kuzianua zilikuwa zimelowa kuliko alivyozitundika.

Akauwekea ukuta kiganja. Ulikuwa baridi, umetoka jasho. Akaacha mkono pale muda, na chini ya chokaa mbichi akahisi kitu kinapumua, kinapanda na kushuka kama ubavu wa ng'ombe mgonjwa.

"Mwanangu," akasema, "ukuta huu..."

Arafa akaruka kutoka kitandani, akamziba mama yake mdomo.

"Mama, nakuomba. Mkaguzi wa Wadhamini anaingia kesho."

"Basi tuondoke. Funga vitu vyako, nikubebe mgongoni ikibidi."

"Kuhama wiki ya kuhuisha ni kusema. Mwaka jana watu wa nyumba ya tatu walitoa godoro nje tu, godoro la kuota jua. Wakaambiwa wamejua. Wakapewa nyumba zote za safu ile ziwe zao, pamoja na yatakayozipata. Mume akarukwa na akili." Akashusha sauti. "Faki ndiye anayepaka chokaa ukuta huu, mama. Kila mwaka. Ana familia sasa."

Alasiri jirani wa ukuta mmoja akaja kumwona mgeni. Huyu ni Bi Kazija, mkunga wa mtaa, mwanamke mnene mwenye maneno, ndiye aliyemzalisha Arafa. Akamshika mtoto, akamsifu, akamtemea mate kidogo asipatwe na jicho. Bi Ruzuna akamwangalia miguuni. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba, ndani ya nyumba, juu ya mkeka.

"Shoga, hivyo viatu huvui?"

"Navuaje?" Bi Kazija akajibu. "Bondeni tunalala navyo."

"Kwa sababu gani?"

"Desturi."

"Na kile kifurushi nilichokiona mlangoni kwako?"

"Nguo za kufua."

"Nimeona na cheti cha ndoa kimechomoza."

"Nacho kinahitaji kufuliwa," akasema Bi Kazija, akamrudisha mtoto upesi, akaenda zake.

Siku ya pili watu wote walikwenda Barazani, maana kila aliyelala mjini sharti aape mbele ya Mkaguzi. Wenye ruhusa ya kubaki ni wazazi walio ndani ya arobaini tu. Asubuhi hiyo, wakati Bi Ruzuna anambadilisha mtoto, jiwe dogo la ukubwa wa ndimu lilichomoka ukutani, likaanguka karibu na kichwa cha mtoto, na nyuma yake ukatoka uzi wa maji, mwembamba, unaopiga mluzi. Faki alikuja akasindilia tambara, akapaka chokaa juu ya tambara. Hakumtazama mtu. Arafa alimsogeza mtoto upande wa pili wa chumba, akaimba wimbo kwa sauti kubwa ili mluzi usisikike.

Barazani palikuwa na mambo. Aliyeongoza ni Mwenyekiti Tindwa, mwanamume nadhifu aliyesomea katika Chuo cha Kutojua na kufaulu kupita wenzake wote. Inasemwa mpaka leo hajui nyumba yake ina milango mingapi, na hutolewa nje kwa kushikwa mkono. Kabla ya viapo wajumbe walikuwa na hoja za kumaliza.

Mjumbe wa kwanza alitaka majogoo wafungwe midomo, kwa kuwa jogoo akiwika huwaonya watu kwamba kunakucha. Mwingine akapinga, akasema jogoo huwika kila siku, na onyo la kila siku halisikilizwi na mtu, kwa hiyo si onyo. Akapigiwa makofi. Ikaja hoja ya mawingu. Je, anayetazama juu na kuona wingu jeusi, amejua mvua? Walibishana mpaka jasho likawatoka. Mwisho wakaamua kwamba kuanzia siku hiyo hadi bima ihuishwe, kila mtu atembee na mwavuli umeshushwa mpaka usawa wa macho.

"Na asiye na mwavuli?" akauliza mwuza mbaazi.

"Ainame," akasema Mwenyekiti.

Ndipo Mkaguzi akasimama. Alikuwa mtu mdogo, mpole, mwenye pamba masikioni, na Bi Ruzuna akashangaa kuona kwamba naye anaogopa. Mbele yake ilikuwa hati ya bima, na kalamu. Watu wakapanga mstari.

"Je, unajua hatari yoyote?"

"Sijui."

"Je, unajua hatari yoyote?"

"Sijui."

Mstari ukasogea. Mzee Ngwali hakuulizwa. Aliletwa akakalishwa kando na kifuniko chake ili watu wamtazame. Bi Kazija akasema sijui, viatu vyake vinang'aa. Faki akasema sijui, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto mchanga. Kila neno hilo lilipotamkwa, Bi Ruzuna alilisikia kama jiwe linalotiwa kwenye kikapu alichojitwika yeye.

Alimwangalia yule mzee wa kisima. Aliwaza: nikisema, nitazeeka nikiketi chini ya ukuta ule, na wote watakaozikwa nao watakuwa maiti zangu. Nisiposema, nitamkanda nani?

"Je, unajua hatari yoyote?" Mkaguzi akamwuliza.

"Najua," akasema Bi Ruzuna.

Mwenyekiti Tindwa akaja karibu, akamwinamia kwa adabu.

"Bi mkubwa, safari huchosha. Nenda kalale, urudi useme tena."

"Nimelala. Ndiyo maana nimejua. Ukuta wa tangi umepasuka. Unavuja chumbani kwa mwanangu, na kabla ya masika kwisha utaanguka juu ya Bondeni."

Wengine waliziba masikio, lakini walichelewa. Mkaguzi akachukua kalamu, akaufuta ukuta kwenye hati. Mwenyekiti akaletewa ufunguo wa chuma, mrefu kama mkono, umeshika kutu.

"Mwenye kujua ndiye mwenye ukuta," akatamka. "Ukuta ni wako, bibi. Kila utakayemwangukia ni wako."

"Wangu kweli?"

"Wako mbele ya watu wote."

"Na ufunguo huu ni wa nini?"

"Ulikuwa wa lango la maji, kule chini ya tangi. Utaupakata."

"Lango hilo lilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

"Sijui," akasema Mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana mwenye furaha.

Bi Ruzuna akauweka ufunguo begani kama jembe, akatoka. Hakuupakata. Watu wakamfuata kwa mbali, miavuli imeshushwa, hawaelewi mwanamke huyu anakwenda wapi na alama ya kosa lake.

Alipita nyumbani akachukua chupa ya mafuta ya mbarika, akashuka mpaka kwenye lango. Lilikuwa limefunikwa na magugu. Akamimina mafuta kwenye tundu na kwenye parafujo, akayasubiri yaingie, akatia ufunguo. Hapo hofu mpya ikamshika, mbaya kuliko ya mwanzo. Ingekuwaje kama ukuta umesimama kwa sababu tu haujaguswa? Ingekuwaje kama ni yeye atakayeuangusha, na mwanawe yumo ndani? Alisimama mikono imeshika chuma, akatazama juu, na ukuta ulikuwa mrefu, mweupe, umeandikwa SALAMA kwa herufi zinazoshinda urefu wa mtu.

"Faki," akaita. "Njoo tusaidiane, mwanangu."

Faki alikuwa amesimama hatua chache tu. Mikono yake yenye chokaa ilining'inia.

"Mama, nikigusa..."

"Basi nenda kakae na mkeo."

Akasukuma peke yake, kwa bega, kwa kifua. Chuma kikalia. Juu yake ukuta mzima ukaguna, mguno mrefu wa chini kwa chini, na watu wote wa Bondeni wakajikuta nje ya milango yao, vifurushi mikononi, kila mmoja akimweleza mwenzake kwamba anakwenda kufua. Kisha maji yakatoka. Yalitoka machafu, yana majani na vyura, yakaingia kwenye mtaro wa zamani uliopita kati ya nyumba za chini, yakateremka mpaka mtoni. Yalikwenda mchana kutwa. Tangi lilipopungua nusu, mluzi chumbani kwa Arafa ukakoma, na jioni nepi zikakauka.

Mngedhani hapo hadithi imekwisha. Yeye naye alidhani hivyo.

Asubuhi walikuja Mwenyekiti, wajumbe na Mkaguzi, wakasimama mbele ya ukuta. Watu wa mtaa wakajaa. Mbingu ilikuwa imeshuka, nyeusi, nzito, na kila mtu alikuwa chini ya mwavuli wake akitazama vidole vya miguu. Bi Ruzuna alisimama kwenye lango na ufunguo wake.

"Baraza limekaa," akasema Mwenyekiti. "Limeona kama ifuatavyo. Kama kungekuwa na hatari, ukuta ungeanguka. Ukuta umesimama. Basi hapakuwa na hatari. Na ambacho hakipo hakijulikani. Kwa hiyo bibi huyu hakujua kitu. Alidhani tu, na kudhani si kosa. Tunamsafisha. Ukuta unarudi kwenye bima, lango lifungwe, tangi lijazwe na mvua hizi, na hati itiwe saini leo kabla haijafa."

Watu wakaguna kwa nafuu. Ndoo zao zilikuwa tupu tangu maji ya tangi yalipomwagwa jana.

"Haujaanguka kwa sababu nimeyatoa maji," akasema Bi Ruzuna.

"Hilo nani analijua?" akauliza Mwenyekiti. Kisha akasogea, akasema taratibu, kama mtu wa nyumbani. "Bi mkubwa, sikiliza. Ukirudisha ufunguo huna deni kwetu wala hatuna lako. Mkaguzi akishatia saini, kuhama si kusema tena. Mchukue mwanao leo hii. Mchukue mjukuu. Nenda kwenu na heshima zako."

Nitawaambia kweli, Bi Ruzuna hakuwa jiwe. Hilo ndilo alilolijia. Aliona mbele yake chumba chake kikavu, kitanda cha kamba, mtoto amelala bila kelele ya maji. Akawaona na watu wa Bondeni, lakini kwa mbali, kama unavyowaona watu wa mji usio wako. Mkono wake, wenyewe, ukaunyoosha ufunguo. Mwenyekiti akanyoosha wake.

"Usimpe, mama."

Arafa alikuwa ametoka nje. Arobaini haijatimia, kichwa wazi, miguu mitupu juu ya tope, mtoto amefungwa kifuani kwa kanga. Wanawake wakasahau miavuli wakamkimbilia kumfunika. Akawapita.

"Mwanangu, rudi ndani, utapata baridi," akasema mama yake. "Tunaondoka. Tunakwenda nyumbani leo."

"Wewe nenda, mama. Mimi nikiondoka, nyumba ya pili, chini ya ukuta huu huu, amelala Bi Kazija. Ndiye aliyempokea mwanangu mikononi." Akamgeukia Mkaguzi. "Wewe hujaniuliza. Mimi sijaapa."

"Mzazi haapi," akasema Mwenyekiti.

"Mwache aniulize."

Mkaguzi akatazama hati, akatazama mtoto. Akatoa pamba sikio moja.

"Je, unajua hatari yoyote?"

"Najua. Nimelala kichwa kwenye ukuta huu tangu niolewe. Nilikuwa najua nikiwa na mimba, najua sasa. Nilimwona mume wangu akizidi kupaka chokaa, nikajua. Niliimba jana ili nisisikie, na nilikuwa najua." Akaonyesha ukuta kwa kidole. "Tangi likijazwa tena, utaanguka. Mwandike mwenye ukuta. Ni mimi."

Bi Ruzuna akapiga hatua mbele. Mwanawe alikuwa amejifunga kwenye ukuta kwa maisha yake yote, na hakuna kumchukua tena, si leo si kesho. Alitaka kumvuta mkono. Badala yake Arafa akamvua ufunguo vidoleni, kimoja kimoja, bila ya ukali, na yeye akaachia.

Faki akatoka kwenye kundi. Alikuwa analia, na machozi yalichora mistari kwenye chokaa ya uso wake. "Mwandike na mimi," akasema, akaenda akasimama nyuma ya mkewe.

Mwenyekiti akawageukia watu. "Na nani mwingine anajua?" akauliza, na lilikuwa ni tishio. "Wewe, Bi Kazija?"

Bi Kazija akatazama chini. "Mimi sijui," akasema. "Lakini viatu vyangu vinajua."

Mkaguzi akamnong'oneza Mwenyekiti kama ushahidi wa viatu huandikwa. Mwenyekiti akasema hajui. Wakabishana, na wajumbe wakaingilia, mmoja akisema kiatu ni mali na mali haiapi, mwingine akisema kiatu kikivaliwa ni sehemu ya mtu. Na wakiwa humo tone la kwanza likaanguka juu ya hati. Mkaguzi akaufuta ukuta mara ya pili, akatia saini kwa haraka, akaifunika hati kwa koti, akaondoka mbio kuelekea mlimani. Bima ikahuishwa. Mji mzima ukawa chini ya dhamana, isipokuwa ukuta mmoja.

Mvua ikamwagika. Wajumbe wakatawanyika wakipigana vikumbo, maana kila mmoja alikuwa bado ameshusha mwavuli machoni. Bi Ruzuna akampokea mtoto, akamwingiza chini ya shuka lake, akajibana kwenye kizingiti. Juu, maji yalikuwa yakiingia tangini kwa kishindo. Ukuta ukaguna tena, mrefu kuliko jana, na mchanga ukateleza kwenye mawe. Alimshika mtoto kwa nguvu hata mtoto akalia. Hakuna aliyeweza kumwambia kama ungesimama.

Arafa na Faki walikuwa wameushika ufunguo pamoja. Wakasukuma, wakasukuma tena, na lango likafunguka mpaka mwisho wake, ambako halijawahi kufika. Maji yakaruka nje kama ng'ombe waliovunja zizi, yakaelekea mtaroni, kwenye nyumba za chini ambako watu walikuwa wamejifungia.

Arafa akaachia ufunguo, akaweka viganja mdomoni. Akasita, macho yakamtafuta mama yake. Bi Ruzuna akatikisa kichwa kukubali.

"Maji yanakuja mtaroni," Arafa akaita. "Wanaokaa chini, ondoeni watoto. Pandeni huku juu."

Mvua ikajibu peke yake. Akaita tena, na Faki akaita naye, na sauti nene ya Bi Kazija ikaingia ya tatu. Kisha kutoka kule bondeni kabisa, nyuma ya dirisha lililofunguliwa kidogo tu, mtu ambaye hakuonekana akajibu kwa woga:

"Tumesikia."